Kabla Hujauza Kiwanja: Mwongozo kwa Mhitimu Anayewaza Kwenda Kufanya Kazi Ujerumani

Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596 za kazi. Maombi yaliyoingia yalizidi 135,000. Ukigawanya, kila kiti kiligombewa na watu zaidi ya themanini. Kama ulikuwa mmoja wao, ukaenda kwenye usaili na shati ulilolipiga pasi usiku kwa kuogopa umeme kukatika asubuhi, huna haja ya kuelezwa kwa nini wazo la kuondoka linakujia kila siku.

Nimeandika hatua hizi kwa ajili ya mtu mwenye digrii, aliyekaa benchi mwaka mmoja au miwili, na anayesikia watu wakisema "Ujerumani wanatafuta watu." Kanuni yangu ni moja, nayo ndiyo iliyopanga hatua zote: vitangulie vitu vya gharama ndogo ambavyo vitabaki mkononi mwako hata usipoondoka, fedha kubwa itoke mwisho. Wengi hufanya kinyume. Kiwanja kinauzwa mwezi wa kwanza, lugha inaanza kusomwa mwezi wa saba, na mwezi wa kumi ndipo mtu anagundua kwamba jina la kwenye cheti chake cha kuzaliwa halifanani na la kwenye pasipoti.

Hatua ya 1: Andika unachokikimbia

Chukua daftari. Upande mmoja andika kinachokusukuma: ni kipato, ni aibu ya kuulizwa na majirani "vipi, umepata kazi?", ni fani yako kukosa soko hapa, au ni rafiki aliyepiga picha kwenye theluji? Upande wa pili andika unachotaka kuwa nacho baada ya miaka mitano. Kiwe kitu cha kushikika. "Maisha mazuri" hayashikiki.

Zoezi hili linaonekana la kitoto, lakini ndilo linaloamua mlango utakaoupitia. Anayetaka mtaji wa kurudi kufungua biashara haendi mahali pamoja na anayetaka kubobea kwenye uhandisi wa umeme. Na anayekimbia maneno ya majirani ajue kwamba maneno yana WhatsApp, yatamfuata.

Hatua ya 2: Chagua mlango mmoja

Kosa la kawaida ni kugonga milango minne kwa wakati mmoja, Canada, Dubai, Uingereza na Ujerumani, kila mmoja nusu nusu. Kila mlango una lugha yake, makaratasi yake na hesabu yake.

Uingereza imebana. Njia ya kuajiriwa kutoka nje kama mhudumu wa wazee, ambayo iliwachukua Waafrika wengi, ilifungwa kwa waombaji wapya Julai 2025. Siku hiyohiyo kima cha kawaida cha mshahara kwa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi kilipandishwa hadi pauni 41,700 kwa mwaka. Canada bado inapokea watu, ila njia ya masomo imekuwa ghali: tangu Septemba 2025 mwanafunzi anatakiwa kuonyesha dola 22,895 za Canada za kujikimu, mbali na ada. Ghuba ni karibu na ni haraka, na kwa mhasibu au fundi mwenye mkataba halali inaweza kulipa vizuri. Lakini ingia kwa viza ya kazi iliyoombwa na mwajiri. Usiende na viza ya matembezi ukitegemea kutafuta ukifika. Sheria ya kazi ya Umoja wa Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 inakataza mfanyakazi kutozwa gharama za kuajiriwa, kwa hiyo anayekuambia "lipia viza yako ya Dubai" ana maswali ya kujibu.

Usiruke pia nchi jirani. Wahandisi, wahasibu na wasanifu majengo wa Afrika Mashariki wana makubaliano ya kutambuliana taaluma, na nauli ya basi kwenda Kigali au Nairobi haihitaji kuuza kitu.

Kuanzia hapa nitashika mlango wa Ujerumani, kwa sababu ndio unaoulizwa sana sasa na masharti yake yameandikwa wazi. Serikali yao ina tovuti inayoitwa Make it in Germany. Anza kusoma hapo kabla ya kumsikiliza mtu yeyote, mimi nikiwemo.

Hatua ya 3: Fanya vyeti vyako viseme jina moja

Hapa ndipo Watanzania wengi wanapoteza miezi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Asha Juma Salum. Cheti cha kidato cha nne kinasema Asha J. Salum. Kitambulisho cha NIDA kinasema Asha Salum Juma, kwa sababu siku ile karani aliandika alivyosikia. Hapa nyumbani tunaelewana, tunacheka, tunaendelea. Afisa wa viza haelewi utani huo. Kwake hao ni watu watatu.

Kwa hiyo tandaza vyeti vyote mezani: cha kuzaliwa, cha NECTA cha kidato cha nne na cha sita, cha chuo, transkripti, NIDA. Soma jina herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa pia. Penye tofauti ndogo, mwone wakili akuandalie hati ya kiapo ya majina. Penye tofauti kubwa, rekebisha kwenye chanzo, RITA au NIDA, kabla hujaomba pasipoti. Pasipoti ya Tanzania ni shilingi 150,000, na hutaki kuilipia mara mbili.

Mimi nilichelewa karibu miezi mitatu kwa sababu ya herufi moja. Chuo kiliandika jina la babu kwa "h", cheti cha kuzaliwa hakina "h". Babu mwenyewe alikuwa hajui kuandika, kwa hiyo hakuna aliyejua nani yuko sahihi.

Vyeti vikishasema jina moja, kitu cha kufuata ni kujua digrii yako ina uzito gani Ujerumani. Kuna hifadhidata ya bure mtandaoni inaitwa anabin. Unatafuta chuo chako. Kikiwa na alama H+ maana yake kinatambuliwa. Halafu unatafuta aina ya digrii yako. Ukiikuta imeandikwa kwamba inalingana na ya kwao, chapisha kurasa zote mbili uzitunze kwenye faili. Usipoikuta, unaomba tathmini kwenye ofisi yao ya elimu ya kigeni, ZAB, kwa kiasi cha euro 200 hivi.

Karatasi hiyo ina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Tangu Juni 2024 Ujerumani ina kibali kiitwacho Chancenkarte, kinachomruhusu mtu kuingia na kutafuta kazi kwa hadi mwaka mmoja. Wengi wanajua tu kwamba kina mfumo wa pointi. Wasichojua ni kwamba mwenye digrii inayotambuliwa kuwa sawa kabisa na ya Kijerumani anahesabiwa mtaalamu, hapimwi kwa pointi. Pointi ni za wale ambao vyeti vyao havijafika hapo.

Udaktari, uuguzi, ufamasia na ualimu vina utaratibu mwingine. Hizo ni taaluma zenye leseni. Anabin peke yake haitoshi, lazima mamlaka ya jimbo unalokwenda ikutambue, na mara nyingi utapewa mafunzo ya kuziba pengo au mtihani. Kama wewe ni muuguzi, ongeza angalau mwaka mmoja kwenye mpango wako, wala usikate tamaa, kwa sababu ninyi ndio mnaotafutwa zaidi.

Hatua ya 4: Lugha, na usidanganyike na "Kiingereza kinatosha"

Kinatosha kupata viza katika baadhi ya njia. Hakitoshi kupata kazi, labda uwe mtu wa programu za kompyuta, na hata hao siku hizi wanaulizwa. Mwenye duka, mwenye nyumba, daktari na barua zote zitakazoingia kwenye sanduku lako, na zitaingia nyingi, ni Kijerumani.

Lugha ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote kwa sababu ndiyo inayokupima. Goethe-Institut ipo Dar es Salaam, Upanga, na ipo Nairobi. Inafundisha na kutahini. Ngazi za lugha ni sita: A1 ya anayeanza, A2, B1, B2, C1, hadi C2 ya aliyebobea. Kwenye YouTube kuna masomo ya bure yanayoweza kukufikisha A1 bila kutoa senti. Jipe miezi mitatu ya kusoma saa moja na nusu kila siku. Ukishindwa kukaa na kitabu miezi mitatu ukiwa kwa mama, unakula na kulala bila kudaiwa kodi, jiulize utakaaje nacho baada ya zamu ya usiku kwenye baridi.

Habari njema: watu wanalia kuhusu der, die na das, kwamba kila nomino ina jinsia yake. Sisi tumekua tukisema kiti hiki, meza hii, ua hili, ukuta huu, bila kufikiri. Jinsia tatu hazimshindi mtu wa ngeli.

Lenga B1 kabla ya kuondoka. Kwa mtu anayesoma kwa bidii hiyo ni kazi ya miezi minane hadi mwaka. Na ukibadili mawazo usiende? Dar, Arusha na Zanzibar kuna watalii na mashirika ya Kijerumani. Cheti cha B1 hakiozi.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya pointi kwa uaminifu

Kama digrii yako haikupata usawa kamili, ila inatambuliwa na nchi yako, unahitaji pointi 6, na sharti la kuanzia ni Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2. Umri usiozidi miaka 35 unakupa 2. Kijerumani A2 ni 1, B1 ni 2, B2 au zaidi ni 3. Kiingereza cha C1 kinaongeza 1. Fani iliyo kwenye orodha yao ya uhaba, 1. Uzoefu wa kazi wa miaka miwili ndani ya mitano iliyopita, unaohusiana na ulichosoma, 2.

Mhitimu wa jana, miaka 24, ana B1 na Kiingereza cha C1: 2 na 2 na 1, jumla 5. Ameanguka kwa pointi moja. Mwenzake aliyekubali kazi ya fani yake, ya mshahara mdogo, Morogoro kwa miaka miwili ana 7.

Kwa hiyo kazi ile unayoidharau, ya laki nne kwa mwezi, inaweza kuwa ndiyo tiketi. Ila iwe na mkataba, hati za mshahara na barua ya mwajiri inayoeleza ulifanya nini. Kujitolea bila mkataba wala malipo, hata uwe umejitolea miaka mitatu ukifungua ofisi asubuhi na kuifunga jioni, usikutegemee.

Kuna na njia ya kando ambayo wenye digrii huikwepa kwa kiburi: Ausbildung, mafunzo ya ufundi ya miaka miwili hadi mitatu na nusu huku ukilipwa. Mwanafunzi wa uuguzi kwenye hospitali za umma hupata zaidi ya euro 1,300 kwa mwezi, kabla ya makato, tangu mwaka wa kwanza. Kama digrii yako ni ya fani isiyo na soko kule, kuanza upya ukiwa na miaka 25 si kushuka. Ni afadhali kuliko kukaa na shahada ya uhusiano wa kimataifa huku ukibeba maboksi ghalani, ukiwaambia watu wa nyumbani uko "ofisini".

Hatua ya 6: Sasa ndiyo fedha

Umefika hapa una vyeti safi, tathmini ya digrii na B1. Umetumia muda mwingi na fedha kidogo. Sasa tazama namba kubwa.

Chancenkarte inataka uonyeshe uwezo wa kujikimu. Kwa mwaka 2025 kiwango kilikuwa euro 1,091 kwa kila mwezi. Mara 12 ni euro 13,092, yaani zaidi ya shilingi milioni 35. Kwa kawaida zinawekwa kwenye akaunti ya zuio: fedha ni zako, ila benki inakuachia kiasi cha mwezi mmoja kila mwezi. Si ada ya kulipwa mtu. Anayesema "nitumie mimi nikuwekee" anataka kukuibia. Ukiwa tayari na mkataba wa kazi ya saa chache huko, mshahara wake unaweza kuhesabiwa, kwa kuwa mwenye kibali hiki anaruhusiwa kufanya kazi hadi saa 20 kwa wiki.

Ukipata mwajiri kabla hujaondoka, hesabu inabadilika kabisa: huhitaji akaunti hiyo. Kwa mhitimu wa ndani ya miaka mitatu, kima cha chini cha mshahara cha kibali kiitwacho Blue Card, cha wenye digrii waliokwisha kupata mwajiri, kilikuwa euro 43,759.80 kwa mwaka 2025. Hupandishwa kila Januari. Ndiyo maana nasema tuma maombi ukiwa nyumbani kwanza, hata hamsini, hata mia.

Na mshahara huo usiuzidishe kwa bei ya euro ukaanza kujenga ghorofa kichwani. Euro 3,650 kwa mwezi, kwa mtu asiye na mke wala mtoto, hubaki kama 2,400 baada ya kodi na bima. Chumba cha kushirikiana nyumba München kinaweza kufika euro 800; Leipzig au Chemnitz ni karibu nusu ya hapo. Tena, siku ya kujiandikisha kama mkazi utaulizwa dini. Ukijaza Mkatoliki au Mlutheri utakatwa kodi ya kanisa, asilimia 8 au 9 ya kodi yako ya mapato. Nimeona Walutheri wa Kilimanjaro wakigundua jambo hili kwenye hati ya kwanza ya mshahara.

Wapi utoe milioni 35? Usiende kwenye mikopo ya kausha damu, hata kwa wiki moja. Ndugu wakichanga, kaa nao, andikeni: nani katoa ngapi, ni zawadi au ni deni, litaanza kulipwa lini. Fedha ya ukoo isiyoandikwa hulipwa maisha yote. Kiwanja cha baba kiuzwe tu kama yeye mwenyewe, bila kusukumwa, angekiuza kwa biashara nyingine yoyote.

Bodi ya Mikopo haikusahau pia. Mnufaika anatakiwa kuanza kurejesha miezi 24 baada ya kuhitimu, na kuvuka bahari hakufuti deni. Ingiza rejesho lako kwenye bajeti ya huko.

Hatua ya 7: Mpime ajenti kabla hajakupima wewe

Kwa njia niliyoeleza huhitaji ajenti. Ukimtumia, mtake leseni, kisha ikague mwenyewe: Tanzania kwa TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, Kenya kwa mamlaka yao ya ajira, NEA. Usikubali picha ya leseni kwenye simu.

Jihadhari na namba tamu. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilisaini makubaliano ya uhamiaji na ajira mjini Berlin. Mara ikavuma kwamba Wakenya 250,000 watapewa kazi. Wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ikakanusha: mkataba hauna idadi yoyote. Lakini uvumi ulikuwa umeshafika vijijini, na wenye kuuza fomu hawakusubiri kanusho.

Kazi ya "huduma kwa wateja" Thailand, mshahara wa dola, tiketi bure, usaili wa dakika kumi kwa simu: ikimbie. Mwanzoni mwa 2025 maelfu ya watu walitolewa kwenye kambi za utapeli wa mtandaoni Myanmar, mpakani mwa Thailand, Wakenya na Waganda wakiwemo. Wengi waliondoka kwao wakiamini wanakwenda ofisini.

Na yule atakayekushauri uingie kwa viza ya utalii kisha ujilipue, yaani uombe ukimbizi kwa jina na nchi isiyo yako, mwulize ni lini mara ya mwisho yeye mwenyewe alikwenda kumzika mtu nyumbani.

Hatua ya 8: Weka tarehe mbili na ukae na wazazi

Tarehe ya kwanza ni ya kabla ya kuondoka: "Nisipopata B1 kufikia Desemba, nasitisha mpango huu, naelekeza nguvu kwingine." Ya pili ni ya huko: Chancenkarte ni mwaka, basi mwezi wa tisa uwe wa kuamua. Hujapata kazi ya fani? Angalia Ausbildung, au panga kurudi ukiwa bado una nauli. Mtu anayerudi kwa ratiba yake hupokelewa uwanja wa ndege kwa vigelegele. Anayerudi kwa kushtukiza hupokelewa kwa maswali.

Mazungumzo na wazazi yafanye kabla ya viza kutoka, kwa sababu ikishatoka hakuna anayesikiliza. Taja kiasi utakachotuma na mwezi utakaoanza. Mimi nilimwambia mama: miezi sita ya kwanza situmi kitu, hata mtu akiumwa, mwambie kaka. Alinyamaza muda mrefu, akaendelea kuchambua mchele. Kisha akasema, "Basi na mimi miezi sita hiyo sitamwambia mtu yeyote umekwenda wapi."

Alifikisha mitatu.